Saini, Foleni na Shahidi Aliyekuwapo

Katika biashara ya kumbukumbu za michezo nchini Marekani, mpira wa besiboli uliotiwa saini na mchezaji mashuhuri kwa kawaida hupungua bei pale mchezaji huyo anapoandika, juu ya jina lake, jina la mtu aliyeiomba saini hiyo. Mpira wenye jina la mchezaji peke yake unaweza kuuzwa kwa yeyote, ilhali ule ulioandikiwa mtu fulani kwa salamu za heri, na pengine tarehe, hubaki kuwa wa mtu huyo hata ukipita katika mikono ya wengi, na wanunuzi wengi hawapendi kupamba sebule zao kwa zawadi aliyopewa mtu wasiyemjua. Walanguzi, yaani watu wanaopanga foleni pamoja na watoto ili wakauze saini wanazopata, wanalijua hilo vizuri, na ndiyo maana huomba saini tupu. Jambo hilo dogo linaonyesha kwamba ukusanyaji wa saini hupimwa kwa vipimo viwili visivyopatana, kimoja cha soko na kingine cha watu waliokutana. Makala haya yanashikilia kwamba kipimo cha pili ndicho sahihi, na kwamba ubora wake huonekana wazi zaidi katika matamasha ya mashabiki, pale marafiki wawili wanapokwenda pamoja kutafuta saini.

Besiboli ni mchezo wa timu mbili za wachezaji tisa tisa, ambapo mrushaji wa timu moja hurusha mpira mdogo mgumu na mpigaji wa timu ya pili hujaribu kuupiga kwa gongo la mbao, kisha hukimbia kuvizunguka vituo vinne vilivyowekwa uwanjani. Msimu wa ligi kuu huanza mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili, kila timu hucheza michezo 162, na bingwa hupatikana majira ya baridi yanapokaribia. Kuanzia hapo viwanja vya miji ya kaskazini hufunikwa na theluji, na shabiki aliyezoea kuufuatilia mchezo karibu kila siku kwa nusu mwaka hujikuta hana cha kutazama hadi mazoezi yaanze tena Februari. Tamasha la mashabiki lilizaliwa katika pengo hilo. Klabu ya Chicago Cubs ndiyo iliyoanzisha tamasha la namna hii mwaka 1986, kwa ubunifu wa John McDonough aliyesimamia masoko ya klabu hiyo, na nyingine zikafuata, zikiwamo Minnesota Twins mwaka 1989 na St. Louis Cardinals mwaka 1997. Ligi yenyewe nayo, tangu mwaka 1991 mjini Toronto, imekuwa ikiandaa tamasha kubwa linaloambatana na mchezo wa nyota wa kila Julai. Msomaji wa Dar es Salaam anaweza kuanzia kwenye Simba Day au Wiki ya Mwananchi, matamasha ya klabu za soka za huko, kisha aondoe uwanja na mechi, na mahali pake aweke hoteli kubwa ya Chicago mwezi Januari, ambamo wachezaji wa sasa, wastaafu na mashabiki waliosafiri kutoka mbali hupanda lifti zilezile kwa siku mbili tatu.

Ndani ya tamasha kuna mengi. Kuna vikao ambavyo viongozi wa klabu huulizwa maswali makali kuhusu usajili, Chicago kuna kikao ambacho wanaoruhusiwa kuuliza ni watoto tu, kuna bingo, na kuna meza za wauzaji wa kadi za wachezaji, yaani picha ndogo zilizochapishwa kwenye karatasi ngumu ambazo Wamarekani wamezikusanya tangu karne ya 19. Hata hivyo, kinachowaamsha watu alfajiri ni saini. Kwa kuwa mashabiki ni maelfu na mchezaji ana mkono mmoja wa kuandikia, waandaaji hulazimika kuzigawa nafasi, na kila klabu ina utaratibu wake: mahali pengine nafasi hupatikana kwa kura, mahali pengine kwa tiketi ya kulipia, na mahali pengine kwa foleni ambayo aliyewahi ndiye anayepata. Mezani, kanuni hufanana. Mara nyingi kila mtu huruhusiwa kitu kimoja, mchezaji hukaa kwa muda uliopangwa, na msimamizi aliyesimama pembeni huihimiza foleni isogee, hata mtu aliyesubiri kwa saa nzima hupata sekunde chache tu mbele ya mchezaji aliyemfuatilia tangu utotoni.

Kanuni hizo ndizo zinazomfanya rafiki awe wa lazima. Mtu mmoja hawezi kuwa katika foleni mbili kwa wakati mmoja, wala hawezi kuiacha foleni kwenda kunywa maji bila kupoteza nafasi, lakini wawili wanaoaminiana huigawa siku tangu jioni ya kutangulia, mmoja akichukua foleni ya nyota wa zamani na mwingine ya mrushaji chipukizi ambaye bado hajajulikana, kila mmoja akijua kwamba atakachokipata huenda kikaishia kabatini kwa mwenzake. Pale kanuni zinaporuhusu, aliyebahatika katika kura humwachia nafasi rafiki anayempenda zaidi mchezaji husika, na deni la namna hiyo hukumbukwa kwa miaka mingi bila kuandikwa popote. Ujuzi nao hugawanyika. Mchezaji aliyestaafu miaka arubaini iliyopita, akipita kwenye ukumbi wa hoteli amevaa sweta na miwani, ni mzee kama wazee wengine, na wengi humpita bila kumtambua. Anayemtambua ni yule rafiki aliyelelewa katika nyumba ambayo redio haikuzimwa wakati wa besiboli, naye ndiye anayemshika mwenzake mkono na kumnong'oneza jina. Kwa upande wake, mwenzake huyo huenda ndiye anayewajua vijana wa madaraja ya chini, zile timu za malezi ambamo klabu huwakuza wachezaji kabla ya kuwapandisha ligi kuu, na anaweza kueleza kwa nini kijana mrefu aliyekaa peke yake kwenye meza ya pembeni atatafutwa na kila mtu baada ya miaka mitatu.

Wanaoihesabu foleni kuwa gharama inayolipwa ili saini ipatikane wanaikosea hesabu yenyewe. Katika maisha ya watu wazima wa miji mikubwa ni nadra marafiki wawili kukaa saa mbili bega kwa bega, bila kazi, bila skrini inayowatenganisha, huku mada ya mazungumzo wakiipenda wote wawili na mwisho wa kusubiri ukijulikana. Foleni ya saini huwapa hayo yote. Humo hubishaniwa ni nani alistahili kuchaguliwa na nani alionewa, hukumbukwa mchezo ambao baba wa mmoja wao aliutazama akiwa amesimama kwa kukosa kiti, na watu wa mbele na wa nyuma, wageni kabisa, huingia katika ubishi huo na kuwa wenyeji. Mezani, rafiki hufanya kazi nyingine ambayo hakuna mtu mwingine awezaye kuifanya. Anayesainiwa huwa amebanwa na haya, macho yake yako kwenye kalamu, na maneno aliyoyaandaa tangu nyumbani humponyoka. Rafiki aliyesimama hatua moja nyuma ndiye anayeona kwamba mchezaji aliinua uso, alisikia jina la mji walikotoka, akatabasamu na kujibu. Wakati wa kurudi nyumbani, tukio zima husimuliwa na aliyelitazama kwa aliyekuwa ndani yake.

Kitu kinachotiwa saini nacho kina elimu yake, na marafiki hufundishana elimu hiyo. Mpira rasmi wa ligi kuu hutengenezwa na kampuni ya Rawlings, ambayo imekuwa mtoaji wake pekee tangu mwaka 1977, na hushonwa kwa mikono mjini Turrialba nchini Costa Rica, kwa ngozi nyeupe ya ng'ombe na uzi mwekundu wenye mishono 108 ya nyuzi mbili. Safu za mishono huuzunguka mpira kwa kujipinda, na kuna sehemu ambapo hukaribiana sana. Mojawapo hubeba maandishi ya kiwandani, na ile inayobaki tupu ndiyo inayotamaniwa na wakusanyaji, kwa kuwa jina likiandikwa hapo husomeka lote bila mpira kugeuzwa. Kwenye mpira unaosainiwa na timu nzima, desturi huiacha nafasi hiyo kwa meneja, yaani kocha mkuu, na wachezaji huandika kuizunguka. Wino pia una masharti. Kalamu ya kawaida ya bluu, ile ya shuleni na ofisini, ndiyo inayofaa ngozi, kwa sababu wino wa kalamu nene hutawanyika ndani ya ngozi na baada ya miaka herufi huvimba na kupoteza umbo, ingawa kalamu nene hiyohiyo ndiyo inayofaa picha na kadi. Mpira uliosainiwa huharibiwa na jua linalofifisha wino, pamoja na unyevunyevu na mafuta ya vidole. Mkusanyaji mzoefu humfundisha mgeni kuushika mpira kwenye mishono, kuugeuza upande uliokusudiwa kabla ya kufika mezani, na kuwa na kalamu iliyokwisha kufunguliwa, ili sekunde chache zilizopo zisipotee katika kuhangaika na kifuniko.

Swali linalofuata ni la uhalisi, na hapa historia ya ukusanyaji ina somo zito. Katika miaka ya 1990 soko la saini lilifurika bidhaa za kughushi kiasi kwamba shirika la upelelezi la FBI lilianza uchunguzi mjini Chicago, likifuatilia zaidi saini za uongo za mcheza kikapu Michael Jordan, kisha ofisi yake ya San Diego ikaendesha operesheni iliyoitwa Operation Bullpen, kwa jina la eneo la uwanja ambamo warushaji wa akiba hupasha mwili moto kabla ya kuingia mchezoni. Mpigaji Tony Gwynn wa San Diego Padres aliwasaidia wapelelezi baada ya kugundua kwamba vitu vyenye saini yake ya kughushi vilikuwa vimefika hata kwenye duka la klabu yake. Mwezi Oktoba 1999 mtandao mkubwa wa waghushi ulivamiwa, na miongoni mwa kazi zake ulikutwa mpira wa besiboli uliodaiwa kusainiwa na Mama Teresa wa Calcutta. FBI ilikadiria kwamba huenda zaidi ya nusu ya kumbukumbu zenye saini zilizokuwa sokoni wakati huo zilikuwa bandia. Lililowaumiza wanunuzi kuliko yote ni kwamba vitu hivyo viliuzwa vikiwa na vyeti vya uhalisi, vyenye mihuri na maneno ya kiapo, kwa maana aliyeweza kughushi jina la mpigaji mashuhuri Babe Ruth hakushindwa kuchapisha cheti cha kulithibitisha.

Jibu la ligi kuu kwa uovu huo lilikuwa la busara, na linastahili kutazamwa kwa makini kuliko linavyotazamwa. Katika mpango ulioanza mwaka 2001, ligi haikuweka tegemeo lake kwa wataalamu wa mwandiko wanaokagua mpira baada ya saini kukauka, bali ilitafuta watu wa vyombo vya sheria, walioko kazini au waliostaafu, wakae karibu na mchezaji na kumwona akiandika. Baada ya hapo hubandikwa stika ya hologramu, yaani alama ndogo inayong'aa na kubadilika rangi ikigeuzwa, yenye namba ya pekee inayoweza kutafutwa katika kumbukumbu za ligi. Saini ambayo hakuna shahidi wa ligi aliyeiona ikiandikwa haipewi stika, hata iwe nzuri kiasi gani. Waswahili wa pwani, ambao nikaha na mauziano ya shamba kwao hayakamiliki bila mashahidi, watauelewa uamuzi huo mara moja: karatasi husema uongo kwa urahisi, na kinachoibeba kweli ni mtu aliyekuwapo. Ikiwa ndivyo, basi wenye saini halisi kabisa katika nchi nzima ni wale marafiki wawili waliotoka kwenye tamasha, kwa kuwa kila mmoja ana shahidi wa mpira wake, na shahidi huyo hakulipwa. Stika ya hologramu hufanya kwa ajili ya wageni kazi ambayo urafiki uliifanya kabla yake, na ulazima wake ulianza pale mipira ilipoanza kuhamia kwa watu ambao hawakuwapo.

Lawama zote hazipaswi kutupiwa fedha. Wachezaji wa zamani walilipwa ujira ambao kijana wa leo hawezi kuuamini. Kiwango cha chini cha mshahara wa ligi kuu mwaka 1967 kilikuwa dola 6,000 kwa mwaka, na kilipanda hadi 10,000 mwaka uliofuata kwa sababu tu chama cha wachezaji, chini ya Marvin Miller, kilikuwa kimefanikiwa kupata mkataba wa kwanza wa pamoja. Wanaume hao walizeeka bila akiba ya maana, kisha katika miaka ya 1980 wakagundua kwamba jina lao, lililokuwa likitolewa bure kwenye uzio wa uwanja, lilikuwa na bei. Kuwanyima haki ya kutoza ingekuwa dhuluma juu ya dhuluma. Lakini fedha hiyo ilipokuja ilikuja kwa namna iliyopotosha mambo. Joe DiMaggio, ambaye mwaka 1941 alipata kufaulu kupiga katika michezo 56 mfululizo, aliingia mkataba wa kusaini magongo 1,941, hesabu iliyochaguliwa ili ilingane na mwaka wa sifa yake, na magongo hayo yakauzwa kwa maelfu ya dola kila moja kwa watu ambao hawakumwona akishika kalamu. Mchezaji Pete Rose alihukumiwa kifungo cha miezi mitano mwaka 1990 kwa kutoa hesabu za uongo za kodi, akiwa ameficha mapato yaliyojumuisha malipo ya saini, na mwaka 1995 Duke Snider wa Brooklyn na Willie McCovey wa San Francisco, wachezaji wawili walioheshimiwa sana, walikiri kosa la kutotangaza fedha taslimu walizolipwa katika maonyesho ya saini. Inahuzunisha kuwaona mashujaa wa watoto wa Brooklyn na San Francisco mahakamani kwa sababu ya majina yao wenyewe, na huzuni hiyo ni kubwa zaidi mtu anapokumbuka jinsi walivyolipwa kidogo walipokuwa vijana.

Njia ya kati ipo, na St. Louis imeionyesha. Katika tamasha la Cardinals, tiketi za saini zimekuwa zikiuzwa kwa bei zinazotofautiana kulingana na umaarufu wa mchezaji, lakini mapato yamekuwa yakienda kwa Cardinals Care, mfuko wa hisani ulioanzishwa mwaka 1997 ambao hujenga viwanja vya besiboli vya watoto na kuendesha ligi ya bure kwa wale ambao wazazi wao hawana uwezo. Shabiki anayelipa hapo anajua kwamba fedha yake inamnunulia mtoto wa mtaa mwingine glovu na kofia, na mchezaji anayesaini anajua hivyo pia, jambo linaloondoa aibu kwa pande zote mbili.

Mtu aliyeielewa saini kuliko wengi alikuwa Harmon Killebrew wa Minnesota Twins, mpigaji mwenye nguvu za ajabu aliyemaliza maisha yake ya uchezaji akiwa na mipigo 573 ya kuuvusha mpira nje ya uwanja, na ambaye alifariki Mei 2011. Katika uzee wake Killebrew aliwaonya vijana wa klabu yake, wakiwamo Torii Hunter na Michael Cuddyer, kuhusu mwandiko wao, akiwataka waandike majina yasomeke herufi kwa herufi, kwa sababu mtoto aliyesubiri hana faida na mkwaruzo usiojulikana ni wa nani. Vijana hao walimsikiliza, na saini zao zinasomeka hadi leo. Ushauri huo unaweza kuonekana mdogo, lakini unagusa kiini cha heshima. Mchezaji anayeandika jina lake lote huichukulia sekunde ile kuwa ni ya mtu aliye mbele yake, ilhali anayechora mstari mmoja wenye kitanzi hupunguza foleni tu. Wachezaji wengi wa kizazi cha sasa, ambao wametia saini maelfu ya kadi za kampuni wakiwa wamekaa peke yao katika chumba, wamezoea mstari wenye kitanzi, na ni jambo la kusikitisha kwamba vijana wenye vipaji vikubwa hivyo huwaachia watoto alama ambayo baada ya miaka kumi haitaweza kuwatambulisha.

Kuna jambo jingine ambalo wakusanyaji hawalizungumzi vya kutosha. Saini zilizobaki duniani ni orodha ya watu walioombwa, na orodha hiyo haikuwa ya haki. Josh Gibson, mdakaji wa ligi za watu weusi ambaye wengi waliomwona walimweka sawa na Babe Ruth au juu yake, alifariki Januari 1947, miezi michache kabla ya Jackie Robinson kuuvunja ukuta wa ubaguzi katika ligi kuu tarehe 15 Aprili mwaka huohuo. Ligi kuu ilizitambua rasmi ligi hizo kuwa za hadhi yake mwezi Desemba 2020, na takwimu zake zilipoingizwa katika vitabu mwaka 2024, Gibson alipanda hadi kileleni kwa wastani wa upigaji wa .372, juu ya kila mtu aliyepata kucheza. Hata hivyo saini yake ni miongoni mwa zilizo adimu kabisa, ilhali za Ruth ni nyingi mno, kwa kuwa magazeti makubwa na umati wa mashabiki wa ligi kuu havikumfikia Gibson. Wazee wachache wa ligi hizo walioishi muda mrefu, kama Buck O'Neil aliyefariki mwaka 2006, walikuja kuombwa saini wakiwa na umri ambao wenzao wengi walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Kwa hiyo tabia ya yule rafiki anayekwenda kwenye meza ya pembeni, alikokaa kijana ambaye hakuna foleni mbele yake, ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Miongoni mwa vijana wa namna hiyo sasa wamo Waganda. Mwaka 2011 timu ya watoto wa Uganda ilifuzu kwenda kwenye mashindano ya dunia ya watoto ya Williamsport, jimboni Pennsylvania, lakini ikanyimwa viza. Mwaka uliofuata timu ya mji wa Lugazi ikaenda, ikawa ya kwanza kutoka Afrika kucheza huko. Tangu hapo vijana kadhaa wa Uganda wamesajiliwa na klabu za ligi kuu, zikiwamo Los Angeles Dodgers na Pittsburgh Pirates, na kupelekwa katika timu za malezi. Mkusanyaji anayeomba saini ya kijana kama huyo leo, na kumwuliza kwao ni wapi, anaandika ukurasa wa orodha ambao wakusanyaji wa mwaka 1940 waliuacha wazi.

Yote haya yanawahusu waandaaji wa matamasha moja kwa moja, kwa kuwa mambo mawili yaliyo ndani ya uwezo wao yangebadilisha sana hali iliyopo. La kwanza ni kura. Pale kila mtu anapoingia kwenye kura peke yake, marafiki waliosafiri pamoja hujikuta mmoja amepata na mwingine amekosa, na tamasha lililokusudiwa kuwakutanisha watu huwatenganisha mlangoni. Kura inayoruhusu watu wawili kujiandikisha kama jozi, wapate wote au wakose wote, haihitaji mchezaji aongezewe hata dakika moja, mradi idadi ya nafasi ibaki ileile. La pili ni jina. Matamasha mengine, kwa hofu ya kuchelewesha foleni, huwazuia wachezaji kuandika chochote zaidi ya saini, na kwa kufanya hivyo hutengeneza bidhaa ileile hasa ambayo mlanguzi anaitaka. Kanuni ingegeuzwa: saini ya kawaida iwe ni ile yenye jina la mpokeaji, na atakayetaka saini tupu ndiye aeleze sababu. Anayepata hasara katika utaratibu huo ni mlanguzi peke yake. Muda unaohofiwa huokolewa kwa desturi iliyozoeleka katika maduka ya vitabu waandishi wanapotia saini, ambapo mhudumu hupita kwenye foleni na kuandika jina la kila mmoja kwenye kipande cha karatasi ili mwenye kalamu alione bila kuuliza. Akina Mwanaisha na akina Nyambura wanaoishi Minneapolis, ambao majina yao yameandikwa vibaya katika ofisi nyingi za Marekani, wangefika mezani jina likiwa limekwisha kuandikwa sawasawa, na mrushaji angelinakili herufi kwa herufi kwenye ngozi ya mpira, huku rafiki aliyekuja naye akihakikisha hakuna herufi iliyorukwa.